Mvutaji wa kijijini bado hajaulizwa

Sheria za kudhibiti tumbaku katika Afrika Mashariki zimeandikwa zikimtazama zaidi mtu wa mjini. Zinakataza kuvuta ofisini, ndani ya basi na hospitalini. Zinataka onyo liwekwe kwenye pakiti. Zinakwenda sambamba na ushuru unaopandisha bei ili mnunuzi afikiri mara mbili. Tanzania ilitunga sheria yake ya bidhaa za tumbaku mwaka 2003, Kenya ikapata ya kwake mwaka 2007 na Uganda mwaka 2015, na nchi zote tatu zimeridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku ulioanza kutumika Februari 2005. Ni sheria nzuri, na pale zinaposimamiwa zinaokoa maisha. Lakini zifuate mpaka kijijini uone kinachobaki. Ofisi iliyopo ni ya mtendaji wa kijiji, na hakuna anayekwenda kuvutia humo. Basi linapita mara moja kwa siku. Sigara inauzwa moja moja kibandani: mwenye duka anaichomoa kwenye pakiti, anampa mteja mkononi, anamwazima na kiberiti. Mteja huyo anaweza kuvuta miaka kumi bila macho yake kutua kwenye lile onyo. Na yule anayesokota jani la shamba lake mwenyewe kwa kipande cha gazeti hana pakiti, hana risiti, wala ushuru haumhusu.

Ndiyo maana kumsaidia mtu wa kijijini kuacha tumbaku hakuwezi kuachiwa bei na mabango peke yake. Ushuru ni silaha yenye nguvu. Hesabu zinazotumiwa na wachumi wa afya zinaonyesha kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati hupungua kwa takribani asilimia 5. Ila silaha hiyo inapiga kile kinachonunuliwa, na vijijini sehemu ya tumbaku hainunuliwi dukani. Inalimwa, inaombwa kwa jirani, inauzwa gulioni kwa mafungu, inasagwa kuwa ugoro. Kinachoweza kumfikia mtumiaji wa namna hiyo ni binadamu mwenzake anayefika nyumbani kwake, amuulize kama anatumia tumbaku, amwambie bila kumung'unya maneno kwamba aache, wapange siku, kisha arudi kumwangalia. Huduma hiyo haidai jengo jipya. Watu wa kuifanya wapo tayari kijijini, na kinachokosekana ni kuwaagiza, kuwafundisha na kuwadai matokeo.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima uliofanyika Tanzania mwaka 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya watu wazima wanatumia tumbaku ya aina moja au nyingine, yaani watu wapatao milioni 2.6. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 14.6, kwa wanawake asilimia 3.2. Kenya, katika utafiti wa aina hiyo hiyo mwaka 2014, ilikuta asilimia 11.6. Wapo watakaosema viwango hivi ni vidogo vikilinganishwa na vya Asia au Ulaya Mashariki. Ni kweli, na hiyo ni sababu ya kufanya kazi sasa, kwa kuwa watu milioni 2.6 bado wanaweza kufikiwa mmoja mmoja na mfumo wa afya tulio nao. Tena wengi hawahitaji kubembelezwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya asilimia 60 ya watumiaji wa tumbaku duniani wangependa kuacha, na kwamba asilimia 70 ya watumiaji hawana pa kupata msaada wa maana. Sidhani kama mwanakijiji wa Sikonge au wa Chunya ana hali nzuri kuliko wastani huo wa dunia.

Hapa kuna imani moja iliyokita mizizi ambayo lazima ing'olewe kwanza, nayo ni kwamba kuacha sigara ni suala la mtu kuamua tu. Mwenye nia ataacha, asiye na nia hana dawa. Mwili haukubaliani na imani hiyo. Moshi unapovutwa, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde zisizozidi 20, na ubongo ukishaizoea hujipanga upya ili uidai. Ikikosekana, mtu anakuwa na hasira za karibu, hatulii, hapati usingizi, anakula ovyo, kichwa kinamgonga. Vijana wa mjini wanaiita hali hiyo arosto. Makali yake huwa juu zaidi siku mbili tatu za mwanzo, kisha hupungua taratibu kwa wiki mbili hadi nne. Asiyejua kwamba shida hii ina mwisho huamini kwamba mwili wake umekataa, akarudi kwenye sigara akijiona dhaifu. Kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha peke yao, wanaofikisha mwaka mzima huwa kama 3 hadi 5. Hao 95 wengine hawakukosa nia. Walikosa mtu wa kuwaambia kwamba siku ya tatu itakuwa mbaya na siku ya kumi itakuwa nafuu.

Nguvu ya maneno machache ilipimwa zamani. Mwaka 1979 daktari Michael Russell na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika kliniki za kawaida za London, likihusisha wavutaji zaidi ya 2,000. Kundi moja halikuambiwa kitu. Kundi jingine liliambiwa na daktari wao, kwa dakika moja au mbili, kwamba waache, likapewa kijikaratasi chenye maelekezo, na likaarifiwa kuwa litafuatiliwa. Baada ya mwaka, katika kundi lisiloambiwa kitu walioacha walikuwa asilimia 0.3. Katika kundi lililoshauriwa na kuahidiwa kufuatiliwa walikuwa asilimia 5.1. Ukiitazama asilimia 5 kwa haraka unaweza kuidharau. Lakini daktari anayeona wagonjwa kila siku ya kazi, akitumia dakika moja kwa kila mvutaji, mwisho wa mwaka atakuwa amewatoa watu wengi kwenye sigara kuliko semina yoyote ya hotelini. Mwongozo wa kwanza wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu uraibu wa tumbaku kwa watu wazima, uliotolewa Julai 2024, umeshikilia jambo hilo hilo: ushauri wa sekunde 30 hadi dakika 3 utolewe kama kawaida kila mvutaji anapokutana na mtoa huduma ya afya.

Mtu anaweza kupinga kwamba London siyo Kaliua. Ni hoja ya haki, kwa hiyo tuangalie mahali panapofanana zaidi na kwetu. Katika wilaya za Jhang na Sargodha, mkoa wa Punjab nchini Pakistan, zenye vijiji vingi vya wakulima, watafiti walivigawa kwa bahati nasibu vituo 33 vya afya vinavyohudumia watu wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Waliohusishwa walikuwa wavutaji 1,955. Katika baadhi ya vituo mgonjwa alipata huduma za kawaida tu. Katika vingine alipata vikao viwili vifupi vya ushauri wa kuacha tumbaku, na siku ya kuacha ikapangwa pamoja naye. Katika kundi la tatu aliongezewa na vidonge vya bupropioni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Baada ya miezi sita, waliopata huduma za kawaida na kuacha walikuwa asilimia 8.5. Waliopata vikao viwili tu walikuwa asilimia 41. Waliopata vikao pamoja na vidonge walikuwa asilimia 45.4. Tofauti kubwa imeletwa na mazungumzo, vidonge vikaongeza kidogo juu yake. Na waliofanya mazungumzo hayo walikuwa watumishi wa kawaida wa vituo hivyo, waliopewa mafunzo. Hakuwapo bingwa kutoka mji mkuu.

Asilimia 41 hazipatikani kila mahali, na itakuwa kosa kumwahidi waziri wa afya kwamba zitapatikana. Watu wale walikuwa wamekuja kituoni wakikohoa, wakiogopa kifua kikuu, na hofu ilikuwa imeshawafungua masikio. Tena matokeo yalitofautiana sana kutoka kituo kimoja hadi kingine, jambo linaloonyesha kwamba namna ya kuzungumza ina uzito wake, na kwamba mafunzo ya siku moja yasiyo na usimamizi hayatoshi. Lakini hofu ile ya kikohozi ipo kwetu pia. Tanzania na Kenya zote zimo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani. Mvutaji ana uwezekano wa kuugua kifua kikuu wa karibu mara mbili au zaidi ya asiyevuta. Akiugua, uvutaji unaongeza hatari ya matibabu kushindwa, ya ugonjwa kurudi na ya kufa. Kwa hiyo mgonjwa wa kifua kikuu anayevuta anameza dawa asubuhi na kuzipunguzia nguvu kuanzia saa nne. Na ni nadra kukuta zahanati inayomfuatilia kwenye jambo hilo kwa bidii ile ile inayomfuatilia kwenye vidonge.

Tazama basi nafasi iliyopo. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita. Mgonjwa ana msimamizi wa dawa, mara nyingi ndugu au jirani aliyemchagua mwenyewe, anayemwona akimeza. Ana kadi, ana tarehe za kurudi, ana mratibu wa wilaya anayeulizwa takwimu zake. Ukiwaambia wataalamu wa uraibu wabuni kutoka mwanzo mfumo wa kumsaidia mtu kuacha sigara, watataka vitu hivi hivi: mtu wa karibu anayemtembelea mara kwa mara, kumbukumbu iliyoandikwa, muda wa miezi sita na sababu nzito ya kuacha. Sisi tunavyo vyote na tunavitumia kwa kidonge peke yake.

Zaidi ya wagonjwa wa kifua kikuu kuna kaya nzima. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga kuwa nao 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa. Kenya ilitangulia kidogo: Septemba 2023 iliwapa vifaa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, zikiwamo mashine za kupima presha na sukari. Hawa ni watu wanaoingia uani, wanaojua nani kajifungua na nani hajaenda kliniki. Mhudumu anayempima mzee presha ana sababu ya moja kwa moja ya kumuuliza kuhusu tumbaku, maana presha na moshi vinaishambulia mishipa ile ile.

Inafaa kuonyesha mazungumzo yenyewe yanavyoweza kwenda, kwa sababu watu wengi wanaposikia neno ushauri nasaha wanafikiria meza, faili na saa nzima ya maswali. Mhudumu anafika kwa mzee anayetibiwa kifua kikuu, anaamkia, "Shikamoo mzee." Anaitikiwa, "Marahaba mwanangu, karibu." Wanaulizana habari za shamba na za wajukuu, kisha anasema, "Mzee, leo nina swali ambalo huwa sikuulizi. Unatumia tumbaku ya aina yoyote? Sigara, kiko, ugoro?" Mzee anajibu, "Navuta kidogo tu, mbili tatu kwa siku." Mhudumu hashuki kwenye mahubiri. Anauliza, "Ya kwanza unaivuta saa ngapi?" "Nikiamka, kabla sijanawa uso." Jibu hilo linasema mengi kuliko idadi ya sigara. Anayeitafuta sigara ndani ya nusu saa baada ya kuamka mwili wake umefungwa hasa, hata kama kwa siku nzima anavuta tatu, na atahitaji kuangaliwa kwa karibu siku za mwanzo. "Mzee, hicho kifua kitapona vizuri zaidi ukiacha, na mimi nitakuwa nawe. Tupange siku?" "Nitafikiri." "Sawa mzee. Alhamisi nikileta dawa nitakuuliza tena." Dakika tatu zimekwisha. Kazi kubwa ni ile Alhamisi, kwa sababu ushauri usiofuatiwa na mguu wa pili mlangoni husahaulika kabla ya jua kuzama.

Namna swali linavyoulizwa nayo si jambo dogo. Mhudumu akiuliza "unavuta sigara?" bibi anayenusa ugoro atajibu hapana, na atakuwa hajasema uongo. Mwenye kiko naye atajibu hapana. Ugoro na tumbaku ya kutafuna vinaingiza nikotini ya kutosha kumfanya mtu mtumwa, na vinahusishwa na saratani ya kinywa. Wanawake waliohesabiwa kwenye utafiti wa mwaka 2018 wanahitaji swali linalowagusa na wao. Hali kadhalika mkulima wa tumbaku anahitaji ushauri unaojua kazi yake. Mtu ambaye bani lake limejaa majani yaliyokaushwa, na makapi yamebaki pembeni baada ya madaraja ya juu kufungwa kwenye robota, anaishi ndani ya ghala la kile anachotaka kukiacha. Kumpangia siku ya kuacha katikati ya msimu wa kukausha ni kumtega. Afadhali siku hiyo iwekwe baada ya masoko kufungwa, makapi yawe yameshaondoka nyumbani, na mkewe, au mumewe, awe anajua.

Sasa pingamizi. La kwanza linatoka kwa watumishi wenyewe: wamezidiwa. Zahanati ina muuguzi mmoja na foleni inaanzia nje, halafu kila mradi unaleta fomu yake. Malalamiko haya ni ya kweli na hayajibiwi kwa kuwaambia wajitahidi. Yanajibiwa kwa kuchagua. Tuanze na wagonjwa wa kifua kikuu, wajawazito na wenye presha, ambao tayari wana kadi na tarehe za kurudi, wala tusijaribu kumuuliza kila apitaye. Kwa mhudumu wa jamii, swali la tumbaku liingie kwenye ziara ambayo angeifanya hata hivyo. Na alipwe. Mpango wowote unaotegemea moyo wa kujitolea wa mtu mwenye watoto wanaotakiwa kwenda shule utakufa mwaka wa pili, na lawama zitamwangukia yeye.

La pili ni kwamba dawa hazipo. Shirika la Afya Duniani liliweka tiba mbadala za nikotini, kama vibandiko na chingamu, kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza bupropioni na varenikilini. Orodha ni kitu kimoja, kabati la zahanati ni kitu kingine. Mimi naona hili ni deni la serikali ambalo lazima lidaiwe, na njia rahisi ya kuanza kulilipa ni sitisini, dawa itokanayo na mbegu za mmea, ambayo Bulgaria imeiuza kwa jina la Tabex tangu miaka ya 1960. Dozi yake ni siku 25 tu, na katika jaribio la Warsaw lililochapishwa mwaka 2011 walioimeza na kumaliza mwaka bila kuvuta walikuwa asilimia 8.4, dhidi ya 2.4 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Lakini ukosefu wake usiwe kisingizio cha kukaa kimya. Dawa hiyo hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa 2,472 wa kifua kikuu huko Bangladesh na Pakistan, na matokeo yakatoka mwaka 2020. Wote walipewa ushauri. Nusu wakaongezewa sitisini. Baada ya miezi sita, walioacha upande wa dawa walikuwa asilimia 32.4, na upande wa kidonge kitupu asilimia 29.7, tofauti ndogo mno kuweza kuhesabiwa kuwa ya dawa. Karibu mtu mmoja kati ya watatu aliacha bila dawa yoyote zaidi ya kuzungumza na mtumishi na kuugua ugonjwa uliomshtua. Zahanati isiyo na vidonge bado ina kitu cha kutoa.

Pingamizi la tatu linasemwa kijiweni: mtu wa kijijini anavuta sigara mbili tatu, hewa ni safi, kazi ya jembe inatoa sumu, na mbona babu fulani alivuta kiko mpaka miaka 90? Kuhusu uchache, uchambuzi uliokusanya tafiti 141 na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku amebeba karibu nusu ya ongezeko la hatari ya ugonjwa wa moyo alilobeba mvutaji wa sigara 20. Mishipa haigawanyi madhara kwa hesabu ya vipande. Kuhusu babu, ni kweli yupo, kama alivyopo aliyevuka barabara amefumba macho akafika. Ukimuuliza yeye husikii habari za rika lake waliozikwa wakiwa na miaka 55, maana hao hawako kijiweni kujibu. Richard Doll na wenzake walianza mwaka 1951 kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, na baada ya miaka 50 wakakuta kwamba waliovuta maisha yao yote walikufa takribani miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Aliyeacha akiwa na miaka 30 aliirudisha karibu yote. Aliyeacha akiwa na 40 alirudisha kama 9, mwenye 50 kama 6, na mwenye 60 kama 3. Miaka 3 kwa mtu wa 60 ni miaka ya kuona wajukuu wakimaliza darasa la saba, kwa hiyo mhudumu asikubali kauli ya "mimi nimeshazeeka, acha nife nayo".

Lipo pingamizi zito kuliko hayo, na linastahili nafasi kubwa zaidi: tumbaku ni shule, bati na matibabu ya maelfu ya kaya za Tabora, Mbeya, Ruvuma na, kwa upande wa Kenya, Migori. Kumwambia mkulima wa Urambo aache kuvuta kunasikika kama kumwambia aache kulima. Wanasiasa wa mikoa hiyo wanalijua hilo, na ndiyo maana wengi wao hawalizungumzii suala la uvutaji. Lakini mambo haya mawili yanaweza kutenganishwa. Sehemu kubwa ya jani la Tanzania inauzwa nje. Mzee wa kijijini akiacha msokoto wake, bei kwenye soko la chama cha msingi haitashuka hata shilingi. Brazil imelionyesha hili kwa miongo mitatu. Ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote wa jani la tumbaku katika soko la dunia, zao linalolimwa na familia za wakulima wadogo katika majimbo ya kusini. Mwaka 1989 wavutaji walikuwa karibu asilimia 35 ya watu wazima. Mwaka 2019 walikuwa chini ya 13. Ilipandisha kodi, ikapiga marufuku matangazo, ikaweka picha kali kwenye pakiti, na ikatoa matibabu ya kuacha tumbaku bure kwenye vituo vya umma vya afya ya msingi. Kilimo hakikuporomoka kwa sababu hiyo. Kama siku moja zao lenyewe litabadilishwa, hiyo ni kazi ya masoko na mikopo. Huko Migori, wakulima waliotaka kutoka kwenye tumbaku wamesaidiwa kuhamia maharage yenye madini ya chuma kwa wingi, huku Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likiwa mnunuzi. Hakuna haja ya kungoja hilo likamilike ndipo tumuulize mkulima kama kifua kinambana.

Msikiti na kanisa vina nafasi, na vina hatari yake. Mwezi wa Ramadhani mvutaji anakaa tangu alfajiri hadi magharibi bila moshi, na mwili wake unampa ushahidi kwamba unaweza. Tatizo huja baada ya futari, pasipokuwa na mtu wa kumwambia kwamba amekwisha kupita sehemu ngumu ya siku, aunganishe na usiku. Waadventista Wasabato, wenye mizizi mirefu Upareni, Mara na Kisii, wameikataa tumbaku tangu mwanzo, na madhehebu yao ndiyo yaliyobuni mpango wa siku tano wa kuacha sigara ulioenea nchi nyingi. Hatari iko kwenye aibu. Kijiji ni kidogo, na mtu akishatangazwa mbele ya waumini kuwa ameacha, siku akiteleza atajificha, atavutia nyuma ya choo na hatamwambia mtu. Wengi huteleza mara kadhaa kabla ya kuacha moja kwa moja. Kiongozi wa dini anayelijua hilo ataokoa wengi kuliko anayekemea.

Simu nayo isisahaulike. Katika jaribio la Uingereza lililohusisha watu 5,800 na kuchapishwa mwaka 2011, waliotumiwa ujumbe mfupi wa kuwatia moyo na walioacha kwa miezi sita walikuwa asilimia 10.7, mara mbili ya wale ambao hawakutumiwa ujumbe wa aina hiyo. Ujumbe wa Kiswahili kwenye simu ya kitochi ni rahisi kutuma, ila bibi wa ugoro asiyejua kusoma hatafaidika nao, na pale mtandao unapopatikana juu ya kichuguu tu, mguu wa mhudumu bado ndio wa kutegemewa.

Kinachohitajika kuanza msimu huu ni kidogo kuliko mkutano mmoja wa uzinduzi. Kadi ya mgonjwa wa kifua kikuu na daftari la kaya la mhudumu viongezewe safu tatu: anatumia tumbaku au hatumii, siku aliyopanga kuacha, na hali yake mwezi wa sita. Mganga mkuu wa wilaya aulizwe safu hizo kila robo mwaka, kwa ukali ule ule anaoulizwa chanjo. Halmashauri zinazolima tumbaku zinakusanya ushuru wa zao hilo kila soko linapofunguliwa. Madiwani wake wanaweza kuamua, kwenye bajeti ijayo, kwamba sehemu ndogo ya fedha hizo ilipe nauli, posho na mafunzo ya wahudumu wa vitongoji vyao wenyewe.